Redio Ikipiga Mluzi, Anza na Ethi

Kibanda changu kiko Kwasadala, chini ya barabara inayopanda Masama. Tangu alfajiri zinapita mbele yangu Noah za abiria, malori ya ndizi na pikapu za matangazo ya misiba. Ikifika Desemba yanapita magari ya watoto wa Masama wanaorudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi. Kazi yangu ni kufunga redio, amplifaya na spika, lakini saa zangu nyingi zinakwenda kwenye kutafuta kelele. Kuna mluzi, kuna mkwaruzo, kuna mvumo, na kuna ule mlipuko wa spika kila swichi inapozungushwa. Redio ni nzuri, spika ni nzuri, lakini katikati ya kwaya inayoimba kuna mdudu anayepiga filimbi.

Nina jambo moja la kushuhudia, na nilijifunza kwa kumuumiza mtu.

Nilikuwa bado mgeni wa kazi. Ilikuwa mwisho wa Desemba, baba mmoja akaja na gari la familia, kesho yake jioni wanarudi Dar es Salaam. Alitaka amplifaya na sabufa, nikafunga vyote kwa siku moja. Tulipowasha injini, mluzi ukatoka kwenye spika. Akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka. Nilikuwa na filta, kile kikopo chenye waya wa shaba uliosokotwa ndani, kinachofungwa kwenye waya wa moto wa redio. Nikakifunga, mluzi ukapungua hadi muziki ukaufunika. Akalipa, akanipa mkono, akasema, "Aika, fundi." Usiku wa safari, saa saba, simu yangu ikaita. Alikuwa Hedaru. Taa zilianza kufifia, kisha gari likazima kabisa. Watoto walilala garini mpaka kulipokucha. Fundi wa kule alipoifungua altaneta alikuta dayodi zimeungua. Ule mluzi ulikuwa altaneta inayoomba msaada, na mimi niliuziba mdomo wake kwa kikopo.

Tangu siku hiyo sijamfungia mtu filta kabla ya kujua kelele inatoka wapi. Kelele ya redio ni taarifa ya gari. Unaisoma kwanza, ndipo unainyamazisha.

Nieleze jinsi mluzi ule unavyozaliwa, maana wengi wanadhani redio ndiyo mbovu. Altaneta haitengenezi umeme ulionyooka kama wa betri. Inatengeneza umeme wa kupanda na kushuka, kisha dayodi zinaunyoosha, lakini hazimalizi kazi yote. Yanabaki mawimbi madogo juu yake. Altaneta nyingi za gari ndogo zina jozi 6 za sumaku na dayodi kuu 6, kwa hiyo rota ikizunguka mara moja yanatoka mawimbi 36. Injini ikiwa kwenye sailensa, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, puli inaifanya altaneta izunguke kama 2,000. Hiyo ni karibu mara 33 kwa sekunde. Zidisha kwa 36, unapata mawimbi karibu 1,200 kwa sekunde, na sikio la binadamu linayasikia kama mluzi. Kanyaga mafuta, mizunguko inaongezeka na mluzi unakuwa mwembamba zaidi. Ndiyo maana kelele inayopanda na mafuta karibu siku zote ni ya altaneta. Lakini altaneta nzima nayo ina mawimbi hayo. Swali la fundi ni mlango gani yamepitia kuingia kwenye sauti.

Mara nyingi mlango huo ni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi na betri.

Sisi wa mlimani tumekua na mifongo. Wazee walichimba mifereji ile kutoka mitoni hadi migombani, na kila mtoto wa huku anajua kwamba maji hayaombi ruhusa, yanafuata mteremko. Umeme wa gari ni hivyo hivyo. Unatoka kwenye betri kwa waya wa moto, unafanya kazi, kisha lazima urudi kwenye negetivu ya betri, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari lenyewe. Sasa funga ethi ya redio kwenye dashibodi, na ethi ya amplifaya kule nyuma. Sehemu moja ikiwa na kutu au rangi, kimo chake cha umeme hakilingani na cha nyingine, hata kama tofauti ni milivolti chache tu. Kisha zinakuja nyaya za RCA zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, na ganda la nje la nyaya hizo nalo ni negetivu. Hapo umechimba mfongo wa tatu kati ya vimo viwili. Umeme unaorudi kwenye betri, pamoja na mawimbi ya altaneta, unapita kwenye ganda la waya wa sauti. Amplifaya haiwezi kujua kwamba huo si muziki. Inakuza vyote.

Na huku kwetu ethi inaharibika haraka. Juu Masama kuna umande, ukungu na matope ya masika kuanzia Machi hadi Mei. Chini tambarare kuna vumbi. Gari linalopanda na kushuka kila siku linapata vyote viwili. Shaba inaota unga wa kijani, bati linaota kutu chini ya bolti, na kwa macho waya unaonekana bado umefungwa.

Dereva mmoja wa Noah ya abiria alikuja kwangu kipindi cha mvua akiwa amekata tamaa. "Fundi, hii ni redio ya tatu," akaniambia. "Kila ninayonunua inapiga filimbi."

Nikamuuliza, "Ethi ya betri umewahi kuigusa, kaka?"

"Ethi gani tena? Mimi nina shida ya redio."

Nikamwomba awashe injini na taa kubwa. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye negetivu ya betri, nyingine kwenye bati tupu la bodi. Mita ikasoma volti 0.6. Ethi nzima haitakiwi kuzidi 0.1 hapo. Tulipofungua ule waya mnene unaotoka betri kwenda bodi, nyuzi zake zilikuwa zimekuwa unga, zimebaki chache tu. Nikaweka waya wa shaba wa milimita za mraba 16, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, nikapaka grisi juu yake ili maji yasiingie. Tulipowasha, mluzi haukuwepo. Taa nazo zilikuwa kali kuliko alivyozizoea. Akasimama mbele ya gari akiziangalia, kisha akasema, "Kumbe redio zangu zote mbili zilikuwa nzima." Alikuwa amekwishaziuza kwa bei ya kutupa.

Siku hizi gari likiingia kwangu, dakika kumi za kwanza sishiki koleo. Nasikiliza, kisha nauliza: kelele inapanda na mafuta? Ipo injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imewashwa? Inatokea kwenye FM tu, au hata ukipiga flashi? Ilianza lini, na siku hiyo ni kitu gani kingine kilifungwa? Swali hili la mwisho limenisaidia kuliko vifaa vyangu vyote.

Kisha napunguza sauti hadi sifuri. Kelele ikibaki pale pale, inaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye nyaya za RCA, kwenye amplifaya au kwenye ethi zake. Ikipotea pamoja na muziki, inaingia kabla ya hapo, kwa antena au kwa simu. Hatua inayofuata ni kuchomoa RCA kwenye amplifaya. Spika zikinyamaza, amplifaya haina kosa, narudi mbele. Zikiendelea kulia, nabaki na amplifaya na waya wake wa ethi. Kama ni kelele ya "shhh" isiyobadilika na mafuta, mara nyingi ni geini. Mtu ameikaza hadi mwisho akidhani ni kitufe cha nguvu, wakati kazi yake ni kulinganisha amplifaya na sauti inayotoka kwenye redio. Nairudisha chini, napandisha sauti kwenye redio, "shhh" inakwisha.

Baada ya masikio ndipo inakuja mita. Gari nyingi zikiwaka zinatakiwa zisome kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Halafu nageuza mita kwenye AC nipime yale mawimbi, taa zikiwa zimewashwa. Natarajia chini ya volti 0.1. Nikiona inakaribia 0.5, naacha kazi ya redio na kumpeleka mwenye gari kwa fundi wa altaneta, hata kama siku hiyo sitapata senti. Tahadhari kwa vijana wenye mita za bei ya chini: baadhi zinadanganya kwenye AC. Ijaribu kwanza kwenye betri ya gari lililozimwa. Isiposoma sifuri au karibu na sifuri, usiiamini kwa kipimo hiki.

Kelele za FM pekee ni ukoo mwingine, na huku tunao sana kwa sababu magari yetu mengi ni mtumba wa Japani. Redio za magari ya Japani kwa kawaida zinaanzia megahezi 76 na nyingi zinaishia 90. Sisi FM yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari linatoka bandarini likiwa na uwezo wa kushika kipande chembamba tu cha vituo vyetu. Wengine wanafunga ekspanda, kijisanduku kinachoshusha masafa: kama kinapunguza 12, kituo cha 100.0 utakikuta kwenye 88.0. Kinafanya kazi, lakini kile cha bei ndogo kinaongeza mvumo wake mwenyewe na vituo vinapandiana, hasa mlimani ambako antena inaona mbali na kupokea mawimbi ya pande nyingi. Ushauri wangu ni redio ya masafa yetu. Na ukishaibadilisha, usisahau waya wa bluu. Magari mengi ya Japani yana kikuza mawimbi kidogo kwenye antena, na kinahitaji umeme. Fundi asipouunga waya huo, mteja anapata mkwaruzo mtupu na kuambiwa redio ni feki.

Mama mmoja mwalimu aliniletea Toyota IST yake. "Baba, redio hii mchana inasema vizuri," akaniambia. "Jua likizama tu, Sauti ya Injili siisikii tena." Mafundi wawili walikuwa wamekwishabadilisha antena. Nikamwomba asubiri hadi giza liingie. Alipowasha taa, FM ikajaa mkwaruzo, alipozizima, ikasafika. Alikuwa amefungiwa taa za LED za bei rahisi. Taa hizo zina kisaketi kinachokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kisipokingwa vizuri kinakuwa kituo kidogo cha redio ndani ya gari. Tukazitoa, tukarudisha balbu za kawaida, na akaondoka usiku ule akisikiliza kipindi chake. Chaja za simu za bei ya kutupa zinafanya kosa lile lile. Kabla ya kumlaumu fundi wako, chomoa chaja usikilize. Na kama unasikiliza simu kwa waya wa AUX huku unaichaji kwenye gari, mluzi utakaousikia ni ule ule mfongo wa tatu: simu imepata ethi mbili. Tumia Bluetooth, au chagua moja kati ya kuchaji na kusikiliza kwa waya.

Kwenye gari la petroli kuna mkwaruzo wa tik-tik unaoharakisha na injini. Huo ni wa plagi. Kila cheche ni radi ndogo, na radi inasikika redioni. Mzee aliyenifundisha kazi alizijua radi hizo vizuri. Alifunga redio kwenye Land Rover na Peugeot 504 enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wakisikiliza masafa ya kati yanayonasa kila cheche. Alikuwa na kopo lililojaa kondensa, na kila redio aliyofunga ilipata moja kwenye koili. Kelele hii ina umri wa redio ya gari yenyewe. Ndugu wawili wa ukoo wa Galvin walipoanza kuuza redio za gari za Motorola huko Chicago mwaka 1930, moja ya kazi ngumu ilikuwa kuzuia cheche za injini zisiingie kwenye sauti. Leo kinga hiyo iko ndani ya plagi. Kwenye plagi za NGK, kwa mfano BKR6E, ile herufi R inaonyesha kuna resista ndani yake inayopunguza mawimbi hayo. Ukiweka plagi isiyo na resista, au ya bandia yenye herufi tu, mkwaruzo unarudi.

Sisemi filta na visanduku vya kutenganisha ethi havina kazi. Pikapu ya matangazo niliyoifunga ina kompyuta inayokula umeme wa inveta, na amplifaya ya honi inayokula umeme wa betri moja kwa moja. Hapo ethi mbili haziepukiki, na kisanduku kidogo chenye transfoma kwenye waya wa sauti ndicho kilichoondoa mvumo. Sasa wafiwa wanasikia jina la marehemu wao likitangazwa bila kukatwa na kelele, na hilo kwangu ni jambo la heshima. Lakini kisanduku kile kilikuwa hatua ya mwisho, baada ya kupima kila kitu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni nyaya. Sokoni zimejaa nyaya nene zinazong'aa ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi, na ukikwangua uzi mmoja kwa kisu unaona weupe. Waya huo unabeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, unapata joto, na ncha zake zinalegea kwenye bolti. Unaanza kama mluzi, unaweza kuishia kuwa moshi. Waya wa moto wa amplifaya lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi kama sentimita 40, maana kipande cha kabla ya fyuzi hakina mlinzi kikigusa bati. Nimeona zulia la gari lililoungua kwa kukosa fyuzi moja. Waya wa moto upitie upande mmoja wa gari, RCA upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Ethi ya amplifaya iwe fupi, unene wake uwe sawa na wa moto, na usiifunge kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Bolti ile ina kazi ya kuokoa maisha, na mara nyingi imepakwa rangi au gundi.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawaanzisha na mambo mawili. La kwanza, usikate soketi ya Toyota. Nunua adapta yake, ili mwenye gari akitaka kurudisha redio ya zamani, aichomeke tu. La pili, hasi ya spika si ethi. Redio za sasa zinasukuma spika kwa nyaya zote mbili, na ukiigusisha hasi kwenye bodi unaiua redio au unaizalishia kelele isiyotibika. Kulehemu, mpira wa kubana kwa joto na mpangilio mzuri wa nyaya vinafuata baadaye. Mtu aliyeshika hayo mawili amekwisha kujua kuliheshimu gari la mwenzake.

Wewe mwenye gari, fundi akikuambia "tuweke filta tu," mwambie apime kwanza. Muulize ethi imefungwa wapi, na umwombe akuonyeshe chuma kinachong'aa chini ya bolti. Mpe muda, kazi ya nusu saa inayoharakishwa siku moja kabla ya safari ndiyo inayolaza watoto barabarani. Na wewe fundi mwenzangu, mluzi ukikushinda usimfichie mteja. Mwambie gari linasema kitu, na mtafute pamoja kinachosemwa. Kabla ya kumuuzia redio nyingine, kwangua rangi, kaza ethi, pima tena.